Geti la Nyuma la Mzee Makhanu

"Mzee, mbona huzibi hilo geti la nyuma?"

Shantel alikuwa darasa la saba alipouliza swali hilo, amesimama nyuma ya kiti cha Nicodemus Makhanu, macho kwenye kioo cha kompyuta. Makhanu hakugeuka. Alibonyeza mara mbili kwa kidole chake kinene, kisha akasema kama mtu anayemfukuza nzi, "Wewe mtoto, umelipa kucheza ama umelipa kuuliza?"

"Kucheza."

"Basi rudi kwa mashine yako. Ukiuliza tena utaenda kucheza bano, hizo gololi, huko nje na watoto wenzako."

Wavulana wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Kinyanjui, wa darasa la nane, aliyejiona naibu wa Makhanu ingawa Makhanu mwenyewe hakuwa amemwajiri wala kumpenda. Makhanu hakupenda mtu. Mtaani Kaptembwo hilo lilijulikana vile inavyojulikana kwamba mvua ikinyesha barabara itakuwa matope.

Kibanda chake cha gemu kilikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati, nyuma ya kisiagi cha mahindi. Kompyuta zilikuwa tano, zote kuukuu. Unga kutoka kisiagini ulipenya kila mahali, na kila asubuhi Makhanu alizipangusa mashine zake kwa brashi ya rangi, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Wateja hawakuwahi kupata upole huo. Ukikohoa karibu na kioo, alikutoa. Ukigonga kibodi kwa hasira, alikutoa na kukusindikiza kwa maneno mpaka njiani. Ukimwambia "niaje, buda", alikuuliza baba yako ni nani ili akampe pole.

Walimwita Jenerali. Ilisemekana alikuwa dereva wa kifaru cha jeshi, kwa sababu siku aliyohamia mtaani mtu alimwona akishusha maboksi yake kutoka pikapu iliyotoka upande wa Gilgil, na Gilgil kuna kambi ya wanajeshi. Hapo hadithi ikajijenga yenyewe. Wengine walisema alipigana Somalia, wengine wakasema sikio lake moja halisikii kwa sababu ya mizinga. Makhanu hakukana wala kukubali. Shantel aliamini yote. Alikuwa mtoto wa kuamini kwanza na kuuliza baadaye, na akianza kuuliza haachi.

Tena mchezo uliochezwa pale ulikuwa wa vifaru. Kompyuta zote tano zilikuwa na huo mmoja tu. Katikati ya kioo kuna ngome, na ndani ya ngome kuna watu ishirini, wadogo kama punje za ulezi. Vifaru vya adui vinakuja kwa mawimbi, kutoka barabara tatu, kila wimbi zito kuliko lililopita. Wewe unapewa chuma na saruji. Unajenga minara yenye mizinga, unafukia mabomu barabarani, unainua kuta. Ngome ina geti la mbele na geti la nyuma. Ukistahimili mawimbi kumi, mashine inakupa nyota: moja, mbili, au tatu kama hakuna kifaru hata kimoja kilichoingia.

Makhanu alicheza mara moja kwa siku, jioni, kabla wateja hawajajaa, na hakuna aliyemfikia kwa kupanga minara. Mizinga yake ilipiga barabara zote tatu bila kukanyagana. Lakini geti la nyuma aliliacha tupu. Hakuweka ukuta wala bomu. Na kila siku, karibu na wimbi la nane, kifaru kimoja kidogo chenye mbio kilizunguka, kikaingia kwa geti hilo, kikachoma ghala moja kabla hakijauawa. Nyota mbili. Kila siku ya Mungu, nyota mbili.

Hilo ndilo lililomkosesha Shantel usingizi. Mtu anayejua vile anakosea vipi kosa moja kila siku?

Siku moja aliona jambo lingine. Stima ilikuwa imesumbua, mashine ikawa nzito, na wimbi la tisa likamlemea Makhanu. Ngome ikaanza kuwaka. Wale watu wadogo wakakimbia wote kuelekea geti la nyuma, wakatoka mmoja mmoja, wakapotelea msituni pembeni mwa kioo. Wavulana wakapiga mbinja kwa sababu Jenerali ameshindwa. Makhanu hakuwasikia. Kidole chake kilikuwa kwenye kioo na midomo yake ilikuwa inahesabu. "Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini." Kisha akachukua kikombe chake cha strungi, chai isiyo na maziwa, akanywa, uso umetulia kabisa, kama aliyeshinda.

Kibanda chenyewe kilifanana na mchezo wake. Maduka yote ya mstari ule yalikuwa na grili za chuma na kufuli za ukubwa wa ngumi. Dirisha la Makhanu halikuwa na grili. Mlango wake wa nyuma, uliofungukia shamba dogo la majani ya napia, ulifungwa kwa waya uliokunjwa tu, mtoto wa chekechea angeufungua. Mara mbili alifika asubuhi akakuta kibodi imeenda.

"Huyo anangoja abebewe mpaka viti ndio ajue Nakuru kuna wezi," alisema Truphosa, mama yake Shantel, aliyeuza mboga na omena ng'ambo ya njia.

Makhanu alimsikia. "Mama, uza omena. Zinanuka zikikungoja."

"Na wewe uza ujinga. Watoto wetu wanangojwa darasani."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana karibu kila siku.

Truphosa alikuwa na haki ya kukasirika. Wanafunzi walitoroka shule kuja pale. Waligeuza sweta ndani nje ili nembo isionekane, kana kwamba kuna mtu mzima Kaptembwo asiyeijua sweta ya kijani iliyogeuzwa. Mwalimu Jerotich, naibu wa mwalimu mkuu, aliwavamia mara tatu. Mara zote tatu aliingia kwa mlango wa mbele akakuta viti vitano vyenye joto, vioo vitano vinavyowaka vita, na Makhanu amesimama na kikombe chake.

"Karibu, mwalimu. Utacheza?"

Shantel hakuwa mtoro. Alienda jioni na Jumamosi, na alicheza kwa njaa. Alijaza daftari la sayansi michoro ya minara. Alijua kifaru kizito kinahitaji mizinga mingapi, na kwamba mabomu yafukiwe kwenye kona, mahali vifaru vinapunguza mwendo. Shabaha yake ilikuwa ukuta wa kibanda. Pale juu ya dirisha Makhanu alikuwa ameandika kwa chaki "NYOTA TATU", na chini yake hapakuwa na jina hata moja. Shantel alitaka lake liwe la kwanza.

Jumamosi moja akalipata. Alifanya kile Makhanu hakufanya: aliziba geti la nyuma kwa kuta tatu, moja nyuma ya nyingine. Wimbi la nane likaja, kile kifaru kidogo kikazunguka, kikakuta saruji, kikafa. Wimbi la tisa, la kumi. Nyota tatu zikawaka. Kinyanjui akasahau kumdharau. "Manze, msichana ameweza."

"Mzee, niandike," Shantel akasema.

Makhanu alikuja akatazama kioo kwa muda mrefu. "Hiyo si ngome," akasema. "Hilo ni sanduku."

"Lakini ni nyota tatu."

"Endelea. Kuna wimbi la kumi na moja."

Hakuna aliyejua kuna wimbi la kumi na moja. Shantel akabonyeza, na vifaru vikaja ambavyo hajawahi kuviona, vyeusi, vipana, vikapita juu ya mabomu kama vinapita juu ya changarawe. Mnara wa kwanza ukaanguka. Ngome ikawaka. Wale watu ishirini wakakimbia kuelekea nyuma, wakafika ukutani, wakarundikana pale, wakiruka-ruka kwa ule mruko wao wa kitoto. Walifanana na siafu waliomwagiwa maji. Wavulana walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. Shantel naye akacheka.

Kioo kikawa cheusi. Makhanu alikuwa ameng'oa waya ukutani.

"Toka," akasema.

"Lakini jina langu..."

"Toka. Usirudi hapa. Nikiona hiyo sura yako kwa mlango huu nitakumwagia maji."

Shantel alivuka njia. Alikuwa ameshinda mbele ya watu, na ushindi wake ulizimwa kama jiko. Alilia nyuma ya gunia la sukuma wiki, na alipomaliza kulia akaanza kufikiri, jambo ambalo kwa Shantel lilikuwa la hatari zaidi.

Jumatatu, baada ya gwaride, aligonga mlango wa ofisi ya walimu. "Mwalimu, pale kwa gemu kuna mlango nyuma. Unatokea kwa napia. Huwa haufungwi."

Mwalimu Jerotich alimtazama kwa makini, akamshukuru, akamwambia aende darasani.

Alhamisi Shantel alikuwa na mafua, mama yake alikuwa amemweka kwenye kibanda chao cha mboga auze huku yeye ameenda sokoni, kwa hiyo aliona yote. Mwalimu Jerotich alisimama mlango wa mbele. Walimu wawili walizunguka nyuma pamoja na Kibii, mwenyekiti wa Nyumba Kumi, mzee mwenye koti la kijivu aliyependa kazi ya namna hiyo. Shantel akavuka njia mpaka kona ya kisiagi, mahali panapoonekana mbele na nyuma. Jerotich akaingia. Ndani kukazuka vurugu, watoto wakakimbilia nyuma kama kawaida, na wale watatu walioko nje wakaukaza mlango kwa mabega wasitoke. Mabati yakatikisika. Watoto wakaanza kupiga mlango kwa viganja na kulia, wamebanana, wa nyuma wakiwasukuma wa mbele.

Kisha ikasikika sauti ambayo Shantel hakuijua. Ilikuwa ya Makhanu, lakini haikuwa ile ya matusi. Haikuwa na neno ndani yake mwanzoni. Baadaye ikawa na neno moja, "Fungua", mara nyingi, na mlango ukavunjika kutoka ndani, bawaba na yote. Makhanu akatoka nao. Kibii akarushwa kwenye napia na mkono wake ukateguka. Makhanu alisimama katikati ya wale watoto akiwasukuma nje mmoja baada ya mwingine, akiwahesabu kwa sauti. Walikamatwa kumi na mmoja, maana hakuna aliyekumbuka kukimbia. Walikuwa wanamtazama yeye.

Kesi ilisikizwa Jumapili baada ya kanisa, chini ya kipaa cha kisiagi. Watu walikuja wengi kuliko waliokuja kwa mambo ya maji. Kibii alikuwa amefungwa bandeji mpaka begani na aliuweka mkono ule mahali kila mtu auone.

"Makhanu," alisema, "mimi ningeenda polisi. Lakini sisi ni majirani. Kwa hivyo tumekubaliana hivi. Gemu ubaki nayo. Ule mlango wa nyuma uzibwe kwa mawe, na dirisha liwekwe grili. Watoto waingie na watoke kwa mlango mmoja, tuwaone. Fundi tumepata. Mawe tumepata. Wewe hutatoa kitu, wewe ni kusema ndio."

Watu waliguna kwa kuridhika. Hata Truphosa aliona ni hukumu nyepesi, na akasema hivyo: "Mimi ningefunga yote. Shukuru."

Makhanu alikuwa amekaa kwenye debe. "Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Mlango hauzibwi."

"Wewe mtu," Truphosa alisema, "umevunja mkono wa mzee, unapewa mawe ya bure, na bado unaringa? Unalinda nini huko nyuma? Unauza bangi?"

"Mama Shantel, tafuta adabu kabla hujatafuta bangi."

Kelele zikapanda. Mtu alimwita mchawi. Mwingine akasema wanajeshi wakistaafu wapelekwe Mathari wakapimwe vichwa. Kibii alipiga debe lingine kwa mkono mzima mpaka wakanyamaza. "Ni mawili. Uzibe, ama ufunge kazi. Chagua."

Makhanu akainuka. Aliwapitisha macho wote, akafika kwa Shantel aliyejibanza nyuma ya mama yake, akabaki hapo. Kibanda kile kilikuwa riziki yake yote, na kila mtu alijua. Kwa mawe ishirini tu angekihifadhi.

"Bora nifunge," akasema.

Kesho yake alizipakia kompyuta tano kwenye mkokoteni, akazifunika kwa blanketi, akaenda bila kuaga mtu. Mwezi ule ule aliingia mpangaji mwingine, muuza simu. Akaziba mlango wa nyuma, akaweka grili, akaning'iniza kufuli. Wavulana walimlaani Makhanu kwa kichwa chake kigumu, halafu Kinyanjui akanusa ukweli, na wakaanza kumlaani Shantel. "Mwalimu, kuna mlango nyuma," walimwigiza kwa sauti nyembamba kila alipopita, mpaka alipomaliza shule ya msingi.

Yeye mwenyewe hakujua amlaani nani. Alitaka Makhanu aumie, si aondoke. Na zaidi ya hatia, swali ndilo lililomwasha. Mtu anaachaje riziki yake kwa sababu ya mlango?

Alipata shule ya upili ya bweni karibu na Gilgil. Akiwa kidato cha nne, siku ya matembezi, aliachana na wenzake waliokuwa wakinunua chipsi, akapita nyuma ya soko la viazi, na huko akaona kibanda cha kutengeneza redio. Vibanda vya jirani vilikuwa na grili. Hiki hakikuwa nayo. Ungeweza kuona moja kwa moja kupitia mlango wa mbele, ukatokea mlango wa nyuma, mpaka kwenye ukuta wa kijani wa mikalitusi. Shantel alijua ni nani kabla hajaona uso.

Makhanu alikuwa ameinama juu ya redio, kichwa chote mvi. Alipandisha macho. "Umekuja na mwalimu?"

"Hapana, mzee."

"Basi unataka nini? Hapa hakuna gemu."

"Ni mimi niliwaambia kuhusu mlango."

"Najua. Siku ile ya kesi ulikuwa na uso wa mtu ameshinda na hajui ameshinda nini." Akarudi kwa redio yake. "Umesema. Enda sasa, unanizibia mwanga."

Shantel akasogea ili asizibe mwanga, lakini hakwenda. "Walisema ulikuwa dereva wa kifaru."

"Mimi? Mimi nilikuwa nakata maua. Naivasha, kwa grinhausi, zile nyumba za plastiki, miaka tisa. Kifaru nimeona kwa kompyuta kama wewe."

Fundi wa jirani alicheka. Makhanu alimwangalia mpaka akaacha. Redio ilikoroma, ikakata. Shantel alikuwa na miaka kumi na saba sasa, alijua maswali mengine hufungiwa mlango usoni, lakini hili alikuwa amelibeba miaka mitano.

"Mzee, mbona ulikuwa huzibi lile geti la nyuma?"

Makhanu aliweka bisibisi chini. Aliiangalia pale ilipolala, akainyoosha ilingane na ukingo wa meza. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ile ile yake ya ukali, kana kwamba bado anamfukuza.

"Nilikuwa na msichana. Mitchelle. Miaka tisa. Agosti shule ikifungwa, mimi na mama yake tuko shambani, mtoto abaki na nani? Watu wote wa maua walikuwa wanafanya hivyo. Unamwachia chakula, unamfungia kwa nje, jioni unamfungulia. Na mimi nilikuwa naogopa wezi, nikaogopa watu wabaya, nikaweka mlango wa chuma, nikaweka grili, nikanunua kufuli tatu. Majirani walikuwa wananicheka, wanasema Makhanu analinda benki. Siku moja moto wa stovu ulishika pazia, saa sita mchana, watu wakajaa hapo nje na mashoka na mawe, wanamsikia. Funguo ninazo mimi, mfukoni, ndani ya grinhausi." Akaichukua tena bisibisi. "Zilikuwa kufuli nzuri. Hata moja haikuvunjika."